Chambo cha Chuma: Uzito Kwanza, Rangi Mwisho

SAFU YA MVUVI



Mwezi huu tunazungumza na ndugu zetu wa mwambao wanaovua kwa mshipi. Madukani kuna chambo cha chuma. Ni kipande cha chuma au cha madini ya risasi. Umbo lake ni kama la dagaa au la jani. Hakitiwi ngisi wala nyama yoyote. Samaki kama chewa na kolekole hukidhani ni samaki mdogo anayekufa, wakakirukia.

Chambo hiki hununuliwa kwa fedha nyingi. Ukichagua vibaya, kitanasa mwambani siku ya kwanza, na fedha yako itakuwa imezama baharini. Kwa hiyo jifunze kuchagua kabla hujanunua.

HUFANYAJE KAZI?

Uvuvi huu wa polepole umetoka Japani. Mvuvi Norihiro Sato wa nchi hiyo anajulikana sana kwa kuueneza. Wao hutumia ufito laini na gurudumu la kukunjia mshipi. Lakini hata mwenye mshipi wa mkono anaweza kuujaribu.

Shusha chambo mpaka chini. Kiinue taratibu, kiasi cha urefu wa mkono. Kisha legeza mshipi, kianguke chenyewe. Kikianguka huyumbayumba kama jani linalotoka mtini. Mara nyingi samaki hukamata wakati huo wa kuanguka.

Basi chambo kizuri kina sifa mbili. Kinafika chini, na kinaanguka kwa kuyumba.

UZITO

Kwanza jua kina cha maji. Pima moja ni karibu meta 1 na sentimeta 80. Anza na gramu 4 kwa kila pima. Penye pima 20, anza na gramu 80. Penye pima 40, anza na gramu 160. Uzito huandikwa kwenye chambo au kwenye pakiti yake. Herufi "g" maana yake ni gramu.

Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Mkondo ndio utakaoamua. Wakati wa bamvua maji hukimbia sana. Wakati wa maji mafu hutulia. Tena mshipi mnene husukumwa na maji kuliko mshipi mwembamba. Ukiwa na mshipi mnene, itakubidi uongeze uzito.

Pima hivi. Shusha chambo mpaka kiguse chini. Sasa tazama mshipi wako. Je, umesimama wima? Uzito unatosha. Je, umelala na kwenda mbali na chombo? Chambo ni chepesi. Kitaburuzwa juu ya miamba mpaka kinase. Kipandishe, ufunge kizito zaidi.

Lakini usizidishe. Chambo kizito mno huanguka kama jiwe. Hakiyumbi, na samaki hashawishiki. Katika vyambo vinavyofika chini na kusimamisha mshipi, chagua kilicho chepesi kuliko vyote.

Kama una fedha ya vyambo viwili tu, usinunue viwili vinavyolingana. Nunua kimoja cha maji mafu na kimoja kizito zaidi cha bamvua.

UMBO

Chambo kirefu na chembamba huzama upesi. Kinafaa penye mkondo mkali na kina kirefu. Chambo kifupi na kipana huzama polepole na kuyumba sana. Kinafaa maji yakitulia.

Ukiwa dukani, kiweke chambo juu ya kidole chako kimoja. Kikitulia sawasawa kidole kikiwa katikati, basi kitaanguka kwa kulala na kuyumba. Kikielemea mkiani, kitashuka upesi, mkia ukitangulia.

NDOANA

Chagua ndoana moja moja zilizofungwa kwa kamba fupi. Ndoana ya meno matatu hunasa upesi kwenye miamba. Wajapani wengi hufunga ndoana juu na chini ya chambo. Wewe unayevua mwambani, anza na za juu tu. Kamba ikiwa ndefu, ndoana itakishika chambo chenyewe. Basi ifanye fupi.

RANGI

Wengi huanza na rangi. Hapo ndipo fedha inapopotea. Rangi nyekundu ndiyo inayotangulia kufifia majini. Huko chini huonekana nyeusi. Usiongeze fedha kwa ajili ya rangi nyekundu.

JE, UNAWEZA KUTENGENEZA MWENYEWE?

Ndiyo, lakini usiyeyushe risasi nyumbani. Moshi na vumbi lake ni sumu. Sumu hiyo huharibu ubongo wa mtoto. Katika mji wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watu walikuwa wakitoa risasi katika betri kuukuu za magari. Walitengenezea pia vizito vya nyavu. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi katika mji huo. Samaki mmoja hawezi kulipa hasara kama hiyo.

Tumia nondo. Kipande cha nondo ya milimita 12, chenye urefu wa sentimeta 20, kina uzito wa karibu gramu 180. Mpelekee mhunzi akiponde kiwe bapa na atoboe tundu kila ncha. Piga tupa kingo za matundu zisikate mshipi. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo chambo chako kitakuwa kikubwa zaidi na kitazama polepole. Kipake rangi kisishike kutu.

Ukirudi pwani, suuza chambo na ndoana kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kausha, kisha weka mahali ambapo watoto hawafiki.

JIPIME

1. Maji yametulia. Unavua penye pima 30. Utaanza na gramu ngapi?
2. Mshipi wako umelala. Utafanya nini?
3. Kwa nini tusiyeyushe risasi nyumbani?

Majibu: 1. Gramu 120. 2. Nitafunga chambo kizito zaidi. 3. Kwa sababu moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Msomee na mwenzako mnayekwenda naye baharini.