Kabla ya Kuanza Pilates: Mambo Matatu ya Kuulizana Nyumbani



Ndugu zetu wasomaji, neno Pilates limeingia majumbani mwetu hapa Kigali. Binti analiona kwenye simu, mama anaambiwa kuwa litamsaidia mgongo, na baba anauliza: hicho ni kitu gani, na je, kinatufaa sisi Waislamu? Maswali haya ni ya haki, na leo tumependa kuyajibu, kisha tutoe maoni yetu.

Maoni yetu kwa ufupi ni haya. Mazoezi ya Pilates yanafaa, tena yanawafaa sana akina mama, wazee na wanafunzi wanaokaa kitako siku nzima. Lakini anayeanza ajue mambo matatu kabla hajalipa hata faranga moja: nani anafundisha, anafundishia mahali gani, na mwili wake mwenyewe uko katika hali gani. Na katika hilo la mahali, si suala la mtu mmoja peke yake. Ni letu sote.

Pilates ni nini?

Pilates ni jina la mtu. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, na utotoni alikuwa dhaifu, akisumbuliwa na pumu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza, naye akawekwa kizuizini kama Wajerumani wengine. Ni vita hivyo hivyo vilivyowaondoa Wajerumani hapa Kigali mwaka 1916. Huko kizuizini aliendeleza mazoezi yasiyohitaji uwanja. Miaka ya 1920 alihamia Marekani, akafungua ukumbi New York pamoja na mkewe Clara, na mwaka 1945 akatoa kitabu chenye mazoezi 34 ya kufanywa sakafuni. Alifariki mwaka 1967. Mwenyewe aliyaita Contrology, yaani elimu ya kuutawala mwili.

Shabaha ya mazoezi haya ni misuli ya ndani ya tumbo, mgongo, na ile ya chini ya nyonga inayobeba kibofu na kizazi. Mtu hufanya taratibu, kwa pumzi iliyopangwa, na mara chache kwa usahihi ni bora kuliko mara nyingi kwa pupa. Hakuna kuruka wala kukimbia.

Wapo wanaodhani Pilates ni tawi la yoga. Sivyo. Yoga ina mizizi katika dini za India, ama Pilates ilianza kama mazoezi ya viungo na haina ibada ndani yake. Hata hivyo wako walimu wanaochanganya vyote viwili katika darasa moja. Basi uliza mapema: kuna maneno ya kutamka, au mambo ya kiroho? Kama yapo, tafuta darasa jingine.

Wapo pia wanaosema kuwa sala inatosha kwa mazoezi. Ndugu zetu, sala ni ibada, hatusali kwa ajili ya misuli. Na mzee anayesali juu ya kiti kwa sababu ya maumivu ya mgongo anaijua thamani ya kusujudu kuliko sisi sote. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na kwamba muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu, ingawa kila muumini ana kheri.

La kwanza: mwalimu

Mwaka 2000 mahakama mjini New York iliamua kwamba neno Pilates si mali ya kampuni yoyote. Maana yake ni kuwa jina lililoandikwa mlangoni halikuhakikishii elimu ya aliye ndani. Basi muulize mwalimu bila ya kuona haya: umesomea wapi, kwa muda gani, umewahi kufundisha mjamzito au mtu mwenye shinikizo la damu? Mwalimu mzuri hukasirikii swali. Yeye ndiye atakayeanza kukuuliza wewe habari za afya yako, na asipouliza, hiyo ni dalili tosha ya kuondoka. Tazama pia idadi ya watu. Anayeanza anahitaji jicho la mwalimu, na katika kundi kubwa halipati.

Video za kwenye simu zinasaidia kwa aliyekwisha fundishwa. Kwa anayeanza hazitoshi, kwani video haikuoni unapokunja mgongo vibaya.

La pili: mahali na sitara

Mazoezi mengi ya Pilates hufanywa mtu akiwa amelala chali, miguu juu. Kwa hiyo dada zetu wasiulize tu kama mwalimu ni mwanamke. Waulize: mlango unafungwa? Dirisha linatazama wapi? Kuna kamera ukutani? Wanaruhusiwa kupiga picha? Picha moja ya darasa ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp haina wa kuirudisha. Kama kuna muziki unaokukera, uliza kama wanaweza kuuzima.

Na hata baina ya wanawake kuna mipaka ya kujisitiri. Gauni huteleza miguu inapoinuliwa, kwa hiyo vaa suruali pana chini na shati refu juu. Ukivaa mtandio, chagua wa kuvaliwa bila pini, kwani pini ya kisogoni itakuchoma ukilala.

La tatu: mwili wako

Mjamzito asianze kabla ya kuzungumza na daktari au mkunga, na baada ya miezi mitatu ya mwanzo asilale chali muda mrefu. Aliyejifungua asubiri ruhusa ya kituo cha afya, ambayo kwa kawaida huja baada ya wiki sita hivi, na aliyepasuliwa husubiri zaidi. Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi. Mzee ambaye mifupa yake imedhoofika asifanye yale ya kukunja mgongo mbele. Mwenye kutumia insulini apime sukari kabla na baada.

Jua pia tofauti ya uchovu na maumivu. Misuli kutetemeka ni kawaida, na kesho yake mwili utakaza kidogo. Lakini maumivu makali ya kuchoma, ganzi mguuni au kizunguzungu ni amri ya kusimama, hata kama mwalimu anasema endelea.

Gharama zisikutishe. Mashine yenye spring inayofanana na kitanda ni nzuri, lakini anayeanza haihitaji. Blanketi lililokunjwa juu ya mkeka usioteleza linatosha. Fanya mara mbili au tatu kwa wiki, tumbo likiwa halijashiba. Mwezi wa Ramadhani punguza, na ufanye baada ya kufuturu chakula kikishatulia.

Wala usiahidiwe makubwa. Pilates si dawa ya kupunguza unene kwa wiki mbili, na peke yake haiutoshi moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili. Hizo dakika 150 Mwenyezi Mungu ametupa vilima vya bure: panda kwa miguu kutoka Kimisagara hadi Nyamirambo, acha moto siku hiyo.

Wanaume nao wasicheke wakidhani haya ni mambo ya wake zao. Aliyeyabuni alikuwa mwanamume na aliwahi kuwa bondia. Dereva wa moto anayekaa juu ya kiti saa kumi kwa siku, fundi cherehani wa Biryogo, na mwanafunzi aliyeinamia kompyuta, wote mgongo wao unadai haki yake.

Wajibu wetu

Jiji letu limefanya jambo jema. Tangu mwaka 2016 tunayo Siku Isiyo na Magari, barabara zinafungwa Jumapili asubuhi, watu wanatembea na kukimbia, na wengi hupimwa shinikizo la damu na sukari hapo hapo. Tunawahimiza wasomaji wetu waende na watoto. Lakini barabara haimfai mama anayetaka kulala chali na kuinua miguu. Huyo anahitaji chumba chenye pazia.

Hapa tunakumbuka kisa cha mama yetu Aisha (r.a.), aliposhindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini. Katika mapokezi ya kisa hicho imekuja kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu watangulie mbele, na walipokwisha kwenda ndipo akashindana naye. Hakumwambia mkewe akae kwa kuwa watu wapo. Alipanga sitara kwanza, kisha wakakimbia.

Hilo ndilo funzo. Ni rahisi kumwambia binti: usiende pale, wanaume wanaingia. Lakini tukimkataza pale na tusimwonyeshe pengine, tutakuwa tumemwambia akae, na kukaa ndiko kunakoleta maradhi tunayoyalipia hospitalini baadaye. Kila katazo liende pamoja na mlango.

Na mlango huo hauhitaji fedha nyingi. Madarasa ya madrasa huwa matupu saa kadhaa za siku. Kwa idhini ya wasimamizi, chumba kimoja kingeweza kuwekewa mapazia kwa saa moja mara mbili kwa wiki, saa ya akina mama, simu zikiachwa mlangoni. Familia kumi zikichanga, zinaweza kumlipia msichana wetu mmoja akasomee ualimu wa mazoezi haya ipasavyo, kisha yeye awafundishe mama zake na wadogo zake. Wakina baba nao wapange saa yao.

Basi jioni ya leo, kabla binti hajajiandikisha popote, kaeni pamoja muulizane hayo matatu: mwalimu, mahali, mwili. Majibu yakiwa mazuri, msimzuie. Yakiwa mabaya, msiishie kukataza, anzeni kutafuta chumba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumwabudu na kuwahudumia wazazi wetu. Wabillahi tawfiq.