Meza nne kwa mpigo: anayefaidi ni nani?

Juzi baada ya Isha nilipita kwa kaka yangu, nikamkuta mwanawe sebuleni na kompyuta mapajani. Kwenye skrini kulikuwa na meza nne za karata, zote zikichezwa kwa wakati mmoja. Kabla sijauliza kitu akaniwahi: "Ami, hii si bahati nasibu. Hii ni hesabu."

Kijana ana diploma na hana kazi. Ulimi ulikuwa tayari kumkemea, lakini nikajizuia. Vijana wetu ukiwaanza na neno haramu peke yake, watakuitikia "sawa ami" kisha waende kuendelea chumbani. Nikaketi nikamwambia anieleze hiyo hesabu.

Mchezo wenyewe ni poka ya mtandaoni. Katika poka wachezaji hushindana wenyewe kwa wenyewe, na kampuni hukata kamisheni yake katika pesa zinazowekwa mezani. Kwa hiyo mjuzi anaweza kula pesa za asiyejua. Hapo kijana hakukosea. Kwenye kasino ya kawaida mchezaji hugawiwa karata kama mara 30 kwa saa. Mtandaoni, meza moja humpa kama mara 70. Akifungua meza nne, anakaribia mara 280 kwa saa ile ile.

Faida zake zinaeleweka. Mwenye ujuzi hupata nafasi nyingi za kuutumia. Hachoki kusubiri karata nzuri. Bahati mbaya ya meza moja huenda ikafidiwa na meza nyingine. Tena, kwa miaka mingi kampuni zilikuwa zikiwatuza waliocheza sana, hata wengine wakawa wanaishi kwa tuzo hizo kuliko kwa ushindi wa mezani. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo wanavyojiambia.

Hasara zake nazo si za kujificha. Poka ni mchezo wa kumsoma mwenzako: nani mwoga, nani mwongo, nani kapandwa na hasira. Ukiwa na meza nne huwasomi tena, unabonyeza tu. Kila meza inakupa sekunde chache za kuamua, na zikikupita karata zako zinatupwa. Ukipigwa vibaya kwenye meza ya kwanza, hasira unaihamishia ya pili na ya tatu. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika nne.

Tuiweke hesabu yenyewe mezani. Tuseme mtu anapata shilingi 100 kwa saa kwenye meza moja. Akifungua nne, umakini unapungua, kila meza inampa 60. Jumla ni 240, amefaidi. Sasa tuseme mwenzake anapoteza 100 kwa saa kwenye meza moja. Akifungua nne atapoteza 400, na zaidi, kwa sababu naye umakini umempungua. Wingi wa meza hauwezi kumfanya mshindwa kuwa mshindi. Unazidisha kile kilichopo. Na kwa kuwa kampuni inakata kamisheni yake, jumla ya pesa zinazopotea ni lazima izidi jumla ya zile zinazopatikana.

Kuna Mmarekani mmoja, Randy Lew, bingwa wa kucheza meza nyingi. Januari 2012, huko Bahamas, aliweka rekodi ya Guinness kwa kucheza mara 23,493 ndani ya saa nane. Sharti lilikuwa amalize akiwa na faida. Alimaliza nayo: dola 7.65. Ni kweli alicheza kwa madau madogo, na alichofuata ni rekodi. Lakini kama bingwa wa dunia alitoka na kiasi hicho baada ya saa nane, kijana wa Mombasa aliyejifunza kwa video za YouTube anatarajia nini?

Hata wenye mchezo waliona tatizo. PokerStars, iliyokuwa ikiruhusu meza 24 kwa wakati mmoja, mwaka 2019 ilishusha kiwango cha meza za pesa taslimu hadi nne. Haikuwa huruma. Wachezaji wa kawaida walikuwa wanamalizwa haraka mno na wenye meza nyingi, na mfugaji hataki kondoo wake waishe kwa siku moja.

Najua wengi wenu mtasema vijana wetu hawachezi poka. Ni kweli. Wao wako kwenye Aviator, kile kindege kinachopaa na kutoweka. Lakini angalieni skrini yake: kuna nafasi ya madau mawili kwa wakati mmoja. Hiyo ni meza ya pili. Kijana anakwambia dau moja analitoa mapema kujilinda na lingine analiacha lipae. Anaona amejiwekea bima.

Hapa ndipo pana hatari zaidi kuliko poka. Kwenye Aviator hakuna mwenzako wa kumshinda kwa ujuzi. Kwa maelezo ya waliouunda, mchezo hurudisha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa. Maana yake, kwa wastani, kila shilingi 100 inayopita inaacha 3. Ndogo, sivyo? Weka dau la shilingi 20 mara 100 kwa saa, umepitisha 2,000 na umeacha 60. Ukitumia madau mawili, umeacha 120. Saa tatu kwa siku ni 360. Kwa mwezi ni 10,800. Haba na haba pia humaliza kibaba.

Serikali imejitahidi kiasi chake. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti mwaka huo Rais Ruto akatia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Tumesikia mengi kuhusu umri, matangazo na kodi. Mimi ningependa kusikia zaidi kuhusu kasi: mtu aruhusiwe madau mangapi kwa mpigo, na mara ngapi kwa saa? Ikiwa kampuni ya kamari yenyewe iliona meza 24 ni nyingi, wabunge wetu hawana sababu ya kulionea haya swali hilo.

Kwetu Waislamu jibu linajulikana. Lakini tukumbuke kwamba Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukana kuwa kamari ina manufaa kwa watu. Ilibainisha kwamba dhambi yake inayazidi. Na Suratul Maida inatutahadharisha kuwa inazuia watu na sala. Meza nne zenye sekunde chache kila moja hazimngojei mtu akasali Magharibi.

Usiku ule sikumhubiria. Nilimwomba jambo moja: afungue ujumbe wa M-Pesa wa miezi mitatu, aandike kwenye daftari pesa zote alizotuma kwenye mchezo na zote alizotoa. Alikubali haraka, akiamini daftari litamtetea.

Baada ya siku nne alinipigia. Pengo lilikuwa shilingi 23,000 na ushei. Akanyamaza, kisha akasema, "Ami, hii ni karo ya muhula mzima ya mdogo wangu. Babangu hajui."

Tulikubaliana tukamwambie pamoja. Nawe mzazi, usiku wa leo usianze na mahubiri. Anza na daftari.