Hawakutoweka, Waliuzwa

Mwezi uliopita nililipwa kuandika makala fupi kuhusu "makabila yaliyotoweka" ya Marekani. Wanatchez niliwapa aya mbili, nikamalizia hivi: kufikia 1731 walikuwa wametoweka. Pesa ikaingia kwa M-Pesa, nikapunguza deni la nyumba. Uongo ule ni wangu, na nimekuja kuuvunja.

Kutoweka ni kitenzi cha waoga. Ukungu hutoweka. Hakuna wa kuulizwa. Sasa hebu angalia kilichotokea. Mwaka 1729 Chépart, kamanda Mfaransa wa Fort Rosalie kando ya mto Mississippi, aliwaamuru watu wa kijiji cha White Apple wahame kwa sababu aliitaka ardhi yao iwe shamba. Novemba wakaivamia ngome, wakaua Wafaransa zaidi ya 200. (Sisemi ilikuwa safi. Waliouawa si askari peke yao.) Wafaransa wakarudi wakisaidiwa na Wachoctaw, na 1731 mamia ya mateka, pamoja na mtawala wao aliyeitwa Jua Kuu, wakapakiwa melini na kuuzwa utumwani Saint-Domingue, Haiti ya leo. Kuna muuzaji hapo. Kuna mnunuzi. Ati walitoweka!

Tunachopenda kusimulia ni mazishi. Le Page du Pratz, Mfaransa aliyeishi nao miaka kadhaa, aliandika jinsi kiongozi wao wa vita, ndugu ya Jua Kuu, alivyozikwa 1725, wake zake wakinyongwa ili wamfuate. Hiyo hata mimi niliiweka, si inavuta macho? Kwamba kiti cha Jua Kuu hakikwenda kwa mwanawe bali kwa mwana wa dada yake, kwa kuwa ukoo ulipitia kwa mama, niliifuta. Mteja alitaka maneno machache.

Na walionusurika? Walikimbilia kwa Wachickasaw, Wacreek na Wacherokee, na wazao wao wako Oklahoma hadi leo. Miaka ya 1930, karne mbili baada ya mimi kuwazika, Watt Sam na Nancy Raven walikuwa wanakaa na mwanaisimu Mary Haas, wakimfundisha Kinatchez neno kwa neno. Mtu aliyetoweka hafundishi sarufi, bana.

Nilimwandikia mteja nikamwomba abadilishe kitenzi kimoja tu. Akajibu kwamba makala ilishalipiwa.