Mwiku tunaowalisha wengine



Leo nataka tuzungumze habari ya mwiku. Najua wengine washaanza kucheka, maana nani kati yetu hakukulia kwenye wali wa jana uliokaangwa na kitunguu, na kikombe cha chai ya rangi pembeni, kabla ya kwenda skuli? Mimi naupenda mpaka leo, kwa hiyo msinifikirie kuwa nimekuja kuuharamisha. Lakini nina jambo limenikaa moyoni na bora niliseme.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Mwenye cherehani yeyote anajua kumi la mwisho likoje: magauni ya watoto, madera, makanzu, na kila mteja anaapa kuwa yeye ndiye aliyeleta kitambaa mwanzo. Wasichana wanne ninaowafundisha kushona walikuwa wakilala kwangu. Saa kumi jioni nikapika wali wa nazi kwa ajili ya futari, sufuria kubwa, maana sikutaka kuambiwa nina choyo. Ukabaki karibu nusu. Nikaufunika vizuri, nikauacha juu ya jiko.

Saa kumi usiku nikawasha gesi, nikanyunyiza maji, nikaupasha mpaka mfuniko ukacheza. Wasichana wakala daku. Mimi nikanywa chai kwa tende na kipande cha mkate wa kumimina, nikijiambia sina hamu ya wali.

Saa moja asubuhi mdogo wao akaanza kutapika. Saa mbili akafuata wa pili. Kutapika bila ya kukusudia hakubatilishi saumu, lakini yule mdogo alilegea mpaka ikabidi afungue na apewe maji yenye sukari na chumvi. Kwenye kituo cha afya muuguzi aliniuliza daku tulikula nini. Nikasema wali. Akauliza umepikwa saa ngapi. Nikahesabu kwa vidole, nikaona haya: saa kumi na mbili. Nikajitetea kuwa niliupasha ukachemka kabisa.

Hakuna aliyeupima wali ule, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa ndio uliowaponza. Lakini alichonieleza muuguzi nimekisoma tena na tena tangu siku ile, na naona aibu kwamba nimeolewa miaka yote hiyo bila ya kukijua.

Mchele mkavu huja na mbegu za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, kinachoishi kwenye udongo. Tunapopika, vijidudu vingi hufa lakini zile mbegu hustahamili moto. Wali ukiachwa uwe vuguvugu, zinaamka, zinazaana, na zinatoa sumu. Na hii sumu ya kutapisha haiondoki kwa kuchemsha. Ni kama kitambaa kilichoungua kwa pasi: utakifua, utakianika, alama iko pale pale. Mtu huanza kutapika baada ya nusu saa mpaka saa sita. Tena wali wenyewe unaweza usichache wala usinuke, ndiyo maana kunusa sufuria, ambako sote tunakutegemea, si kipimo. Wali wetu wa nazi angalau mara nyingine hutuonya kwa kuchacha. Mweupe hausemi kitu. Uingereza walilijua hili miaka ya 1970, watu walipougua kwa wali wa kukaanga wa mikahawa ya Kichina, uliochemshwa mapema na kuachwa nje kabla ya kukaangwa.

Mavyaa wangu alipoyasikia haya akasonya. "Sisi tumekula mwiku maisha yetu yote, mbona tuko hai?" Mama ni mtu mzima na namheshimu, sikumjibu. Lakini hapa nitajibu kidogo, anisamehe. Kwanza, matumbo yalikuwa yakiwauma, ila waliyapa majina mengine. Mara upepo, mara jicho la mtu. Pili, wao walipima. Kibaba kiliingia chunguni kwa hesabu ya watu waliopo, kilichobaki kilikuwa ukoko na vijiko viwili. Hata sisi tuliwahi kuonja maisha hayo. Mwaka 2008 umeme ulipokatika Unguja karibu mwezi mzima, na tena ile miezi mitatu iliyoanza Disemba 2009, friji zilikuwa makabati tu. Nyumba nyingi zilipika cha kula na kikesha. Umeme uliporudi tukarudia sufuria kubwa.

Wengi wetu tunajificha nyuma ya israfu. Kweli tumekatazwa, na aya ya 31 ya Suratul A'raf tunaijua sote. Lakini aya ile inazungumzia kula na kunywa kwetu, na mimi israfu yangu niliifanya saa kumi jioni nilipotia mchele wa watu kumi kwa watu watano. Saa kumi usiku nilikuwa natafuta tumbo la kuifichia.

Na tumbo lenyewe la nani? Hebu angalieni majumbani mwetu nani anakula mwiku. Baba anatengewa mkate na mayai, watoto wanapikiwa uji, na wali wa jana anaula dada wa kazi, au mwanafunzi wa kushona, au unafungwa kwenye mfuko akapewa mwombaji mlangoni na tukauita sadaka. Hawa hawawezi kutuambia "sitaki". Wasichana wangu wangenikatalia vipi, mimi ndiye fundi wao na wamelala nyumbani kwangu? Mie sikuwa na hamu, ndiyo, lakini ukweli ni kwamba nilikiona kile chakula kuwa ni cha wao.

Sasa mwiku nautengeneza usiku ule ule. Watu wakimaliza tu kula, wali uliobaki nautandaza kwenye sinia, mwembamba, naufunika kawa, nawasha feni. Tumefundishwa kufunika vyombo usiku, na kawa linafunika huku hewa inapita. Mfuniko wa sufuria unafuga joto, na donge la wali katikati ya sufuria linabaki vuguvugu kwa masaa. Ukishapoa nautia kwenye vibakuli vidogo, naweka friji. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili; Waingereza kwa wali wanasema saa moja, kisha uliwe ndani ya siku moja. Mimi nafuata ya Waingereza, maana joto letu la usiku si lao. Kupasha ni mara moja tu, ufuke moshi mpaka katikati, unageuza geuza. Ukibaki tena, basi. Umeme ukikatika silifungui friji, ila ukipita saa nne wali unatoka, na hapo namwaga wala simpi mtu.

Na kipimo nimekirudisha. Kopo moja la mchele tunakula watu watatu, siongezi "la Mungu" mkononi.

Wasichana wanautandaza wenyewe siku hizi, na yule mdogo ndiye mkali kuliko mimi. Mavyaa hajakubali. Ana kisufuria chake anakificha nyuma ya jiko na wali wa jana ndani, akidhani sikijui. Nangoja asimame kusali alfajiri, nakiosha, nakirudisha pale pale kikiwa kitupu. Tunaulizana hali asubuhi, na hakuna anayekitaja.