Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Ruta ya Mpakani na Nakala ya Mfumo Wake

Kabanga, wilayani Ngara, ndipo barabara itokayo Dar es Salaam inapoiaga ardhi ya Tanzania na kuingia Kobero, nchini Burundi. Malori yanayofika hapo yamekwisha kupita Dodoma, Singida na Kahama, yakapanda Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, na kusafiri zaidi ya kilomita 1,200. Burundi haina bahari, na sehemu kubwa ya mizigo yake hutegemea bandari ya Dar es Salaam. Lakini iko njia nyingine ipitayo mpakani hapo, nayo haionekani kwa macho. Ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ambao huunganisha Tanzania na majirani zake. Hati za forodha, malipo ya benki na taarifa za idara za serikali hupita katika njia hiyo kabla lori halijaruhusiwa kusogea hatua moja.

Katika kila kituo cha njia hiyo kipo chombo kiitwacho ruta. Kazi yake ni kupokea taarifa, kutazama anwani ya kila moja, na kuielekeza njia iipasayo. Kwa nje ruta ni sanduku la chuma lenye taa chache; kwa ndani ni kompyuta kamili, nayo haiwezi kufanya lolote bila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza. Mfumo huo huhifadhiwa kama faili moja kubwa katika kumbukumbu ya flashi, ambayo haifutiki umeme unapozimwa. Ruta inapowashwa, hulitafuta faili hilo, hulipakia katika kumbukumbu ya kazi, kisha huanza kazi.

Faili hilo laweza kupotea, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Fundi hutaka kuweka toleo jipya, akakuta nafasi haitoshi, akafuta toleo la zamani kwanza; umeme ukakatika kabla toleo jipya halijamalizika kuandikwa. Au kadi ya flashi imechakaa. Au faili lililowekwa ni la ruta ya aina nyingine. Tena kosa hili lina tabia ya kujificha. Katika ruta nyingi mfumo hufanya kazi ukiwa katika kumbukumbu ya kazi, hivyo ruta huendelea kama kwamba hakuna lililotokea, hata kama flashi ni tupu. Siku umeme utakapokatika na kurudi, ndipo itakapojulikana kwamba hakuna cha kupakia. Kwa hiyo fundi anayegundua mapema kwamba faili limefutwa asiizime ruta hata kidogo, bali alirudishe faili wakati mawasiliano yangali hai.

Ruta iliyokwisha kuzimwa katika hali hiyo huonekana imekufa, na aghalabu huandikiwa hati ya kupelekwa makao makuu. Kumbe haijafa. Katika ruta za kampuni ya Cisco, kwa mfano, ipo programu ndogo katika kumbukumbu ya kusoma tu, ijulikanayo kama ROMMON, ambayo huamka yenyewe mfumo mkuu unapokosekana na kungoja amri. Isitoshe, mipangilio ya kituo, yaani anwani zake na njia zake, hukaa katika kumbukumbu tofauti, nayo kwa kawaida husalimika. Kilichopotea ni faili moja tu.

Kulirudisha kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya wa konsoli na kulituma faili kwa utaratibu wa Xmodem, uliobuniwa na Ward Christensen wa Chicago mwaka 1977. Utaratibu huo hulikata faili vipande vidogo vya baiti 128, na kila kipande huhakikiwa kabla ya kingine kutumwa. Ni njia ya hakika, lakini ni ya konokono. Kwa kasi ya kawaida ya konsoli, ambayo ni biti 9,600 kwa sekunde, hupita takriban baiti 960 kila sekunde. Faili la baiti milioni 16 litachukua zaidi ya saa nne na nusu. Fundi ajuaye kuipandisha kasi hiyo hadi biti 115,200, pale ruta inapokubali, ataimaliza kazi ileile kwa muda wa nusu saa hivi. Njia ya pili, kwa ruta zinazoiruhusu, ni TFTP, utaratibu uliochapishwa rasmi mwaka 1981. Fundi huipa ruta anwani yake, anwani ya kompyuta yenye faili na jina la faili, kisha faili hupita kwa waya wa mtandao katika dakika chache.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Kazi yenyewe ni ya dakika au saa chache, na kijana aliyehitimu chuo cha ufundi aweza kuijifunza kwa siku moja. Lakini kijana huyo akikosa faili, au akikosa waya wa konsoli, au akiwa hajawahi kuionyeshwa kazi hiyo, saa chache hugeuka siku kadhaa, kwa kuwa faili na ujuzi vyote viko Dar es Salaam. Kilichosimamisha kituo ni umbali kati ya mtambo na nakala yake.

Watakuwapo watakaosema kwamba siku hizi mitambo yote huongozwa kutoka makao makuu, hivyo hakuna haja ya kusumbua vituo vya pembezoni. Wanasahau kwamba amri za makao makuu hupita katika ruta hiyohiyo. Ikilala, mkono wa makao makuu hukatika pamoja nayo, isipokuwa pawe na njia ya pili iliyoandaliwa mapema. Wengine watasema kila kituo kiwe na ruta ya akiba. Ni shauri jema, lakini akiba nayo huhitaji mfumo sahihi na mtu wa kuiwasha.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama: nakala zikitawanywa ovyo, huenda mtu akaingiza nakala iliyochezewa. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wamekuta ruta za Cisco katika nchi nne, yaani Ukraine, Ufilipino, Meksiko na India, ambazo mfumo wake ulikuwa umebadilishwa kwa siri ili kumpa mvamizi mlango. Hata hivyo, tiba yake si kukinyima kituo nakala. Kila faili lina namba yake ya uhakiki, ambayo hubadilika hata biti moja ikiguswa, na mtengenezaji huitangaza. Fundi wa Kabanga mwenye namba hiyo, iliyotoka makao makuu kwa njia ya kuaminika, aweza kuihakiki nakala yake sawasawa na mhandisi wa Dar es Salaam. Hatari iliyo kubwa ni ya kituo kisicho na nakala halali, kwa maana siku ya shida kitachukua yoyote itakayopatikana.

Taifa hili limekwisha kujifunza somo hili kwa gharama. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu za Serikali kuleta hasara na vurugu. Na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhaba wa wataalamu wazalendo. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa zamani, na mitambo imeenea hadi mipakani. Swali lililobaki ni lilelile: je, ujuzi umeufuata mtambo, au mtambo umekwenda peke yake?

Yapasayo kutendwa si makubwa. Kila kituo kama Kabanga kiwe na nakala mbili za mfumo wa ruta yake, katika vyombo viwili tofauti, pamoja na namba ya uhakiki iliyoandikwa karatasini. Pawe na waya wa konsoli na kompyuta yenye programu za kutumia. Toleo jipya lisiwekwe kabla betri za akiba hazijapimwa. Mikataba ya kununua ruta itaje wazi haki ya kupata nakala za mfumo kwa muda wote mtambo utakapotumika. Maelekezo ya kurudisha mfumo yaandikwe kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja, na yabandikwe ukutani. Juu ya yote, angalau mara mbili kwa mwaka, fundi wa kituo aifanye kazi hiyo kwa mikono yake juu ya ruta ya mazoezi, kwani maelekezo yasiyowahi kujaribiwa ni karatasi tu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Dereva anayengoja mpakani na ndizi zake zikiiva ndani ya lori hana haja ya kujua ruta ni nini. Ana haki, hata hivyo, ya kutarajia kwamba karibu na mtambo unaomzuia yupo mtu mwenye nakala, waya na ujuzi wa kuuamsha kabla jua halijatua.