Ngoma ya Siku Moja Haitoshi



Askari akirudi kijijini tunampokea vizuri. Tunapiga ngoma na kuchinja mbuzi. Kesho yake kila mtu huenda shambani kwake. Mke na watoto ndio hubaki naye. Mimi nasema ngoma ya siku moja haitoshi.

Wazee wetu wanalijua jambo hili. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Wanamgambo wengi waliacha majembe wakaenda vitani pamoja na wanajeshi. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya vita wengi walirudi kwenye majembe yale yale. Bunduki walizirudisha ghalani. Waliyoyaona walikuja nayo nyumbani.

Baadaye askari wetu wamekwenda nchi nyingine kulinda amani. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Walionusurika nao wana wazazi, wake na watoto.

Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati. Mke wa askari haji kwangu akasema mumewe anaumwa vita. Huja kuomba dawa ya usingizi. Husema mume hushtuka usiku na kupiga kelele. Mlango ukigongwa, huruka. Hataki kukaa na watu. Hukasirika ghafla. Hunywa pombe ili alale. Majirani husema amerogwa, au ni mkorofi tu.

Huo ni ugonjwa. Akili iliyozoea hatari huendelea kushika zamu hata hatari ikiisha. Ugonjwa huu huweza kuanza mara moja, au baada ya miezi mingi. Hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu, na wengine hupewa dawa. Pombe si dawa yake. Humlaza mtu kwa saa chache, kisha huzidisha ndoto mbaya na hasira.

Basi tufanye nini?

1. Tusimlazimishe kusimulia vita. Akitaka kusema, tumsikilize mpaka amalize. Tusimcheke.

2. Akiota vibaya, usimtikise. Simama mbali kidogo, umwite jina lake.

3. Tumshirikishe kazini. Kambini alijua saa ya kuamka na kazi ya siku. Nyumbani hakuna filimbi. Tumwite tunapochimba kisima au kujenga darasa.

4. Nawe ndugu askari, mke wako aliongoza nyumba ulipokuwa mbali. Kaeni pamoja mgawane kazi upya. Watoto wako si kuruta. Zungumza nao polepole.

5. Ugonjwa si ruhusa ya kupiga mke wala watoto. Mama akipigwa, aende kwa ndugu au serikali ya kijiji. Asiambiwe avumilie.

6. Akisema afadhali afe, msimwache peke yake. Ondoeni karibu naye panga, kamba na dawa za kuulia wadudu. Mleteni zahanati siku hiyo hiyo.

Najua wengi huogopa kuja. Wakisikia ugonjwa wa akili, hufikiria hospitali ya Mirembe kule Dodoma. Lakini si kila mgonjwa hulazwa. Wengi hutibiwa huku wakiishi nyumbani na kulima mashamba yao. Sisi wa zahanati tukishindwa, tutawaandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya.

Askari aliyevunjika mguu tunampa gongo la kutembelea. Hatumwambii ajikaze atembee. Kwa nini aliyeumia moyoni tumwambie ajikaze?

Kama kijijini kwenu yupo aliyetoka vitani, nenda ukamwamkie wiki hii. Nenda hata kama ni mzee aliyerudi mwaka 1979. Muulize analalaje. Kisha nyamaza umsikilize.