Mtoto wako ao mtoto wangu?



Sikilizeni nyumba zetu za Butembo. Siku mtoto anapata diploma ya Serikali, baba anazunguka kartie nzima akisema: "Mtoto wangu amefaulu!" Siku mtoto yuleyule anarudi usiku amelewa, baba anamwamsha mama: "Kuja uone mtoto wako." Mtoto ni mmoja. Neno moja dogo tu limebadilika, na mama amekwisha kuelewa kwamba kosa limetupwa juu yake. Baba hakutamka vile. Lakini amesema.

Ninaleta jambo hili kwa sababu vijana wanaosoma hadithi fupi wananiambia: "Pasta, ni watu wanaongea tu, hakuna kitu kinafanyika." Hapana. Hadithi fupi haina nafasi ya kueleza moyo wa kila mtu. Moyo umefichwa ndani ya maongezi, na ni kazi yako msomaji kuutafuta.

Chukueni Luka 15, mfano wa baba na wana wawili. Ni hadithi ya mistari 22 tu. Kule ugenini, kwenye nguruwe, kijana mdogo anapanga maneno yake: ataungama dhambi, atasema hastahili tena kuitwa mwana, kisha ataomba kazi ya mshahara kama watumishi. Anapofika anasema yale mawili ya kwanza. La tatu halitoki. Baba amekwisha kuwageukia watumishi, anaagiza vazi, pete na viatu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba baba alikataa ombi lile; hakumwachia nafasi ya kulisema. Mimi nimesoma Chuo cha Biblia, na nilihubiri habari hii miaka mingi bila kuona kwamba kuna maneno yanakosekana pale.

Kisha mkubwa. Anatoka shambani, anasikia ngoma, anakataa kuingia. Mdogo, kila alipoongea na mzazi wake, alianza kwa kumwita Baba. Mkubwa haanzi hivyo. Anaanza na hesabu: miaka aliyotumika, na mbuzi ambaye hakupewa. Na yule aliyerudi hamwiti ndugu. Anamwita mwana wa baba yake. (Unaona? Ni yule mzee wetu wa Butembo kabisa.) Baba hamkaripii. Anamwita yeye mwanangu, kisha katika jibu lake aliyepotea anakuwa tena ndugu. Kama mkubwa aliingia kwenye karamu ao hapana, hatuambiwi.

Na si katika Biblia peke yake. Kuna kitabu cha Kenya, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Ndani yake Alifa Chokocho ameandika hadithi inayoitwa Shogake Dada Ana Ndevu. Shoga, katika hadithi hii, ni rafiki wa kike wa msichana. Kichwa hicho ni maneno ya mtoto mdogo wa nyumba: rafiki wa dada, anayekuja kusoma naye chumbani, ana ndevu. Mtoto anasema alichokiona. Wakubwa wanasikia utoto tu. Kumbe rafiki ni mvulana, na binti anakuja kupoteza maisha katika kutoa mimba. Hapa hakuna neno lililofichwa, na bado halikusikiwa.

Jumapili moja, kisha ibada, nilisoma Luka 15 na vijana wa Beni. Niliwaomba kitu kimoja: watafute nani anaita nani namna gani. Kijana mmoja alinyamaza sana. Mwishoni akasema kwamba yaya yake alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Manguredjipa, akarudi mikono mitupu, akaenda tena.

"Kwetu hatutaji jina lake, Pasta. Tunasema: yule wa machimbo."

Nikamwuliza: "Anaitwa nani?"

Akanitajia. Jina siliandiki hapa. Lakini mbele hatujaachana jioni ile, alikuwa amelitaja mara tatu, na mara ya mwisho hakuna aliyemwuliza.